Tiketi moja ya vivutio Arusha na Moshi, na kiti cha gari kiwemo humo humo

Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wote wa gazeti hili. Naandika kuhusu jambo ambalo linanikera kila ikifika Desemba, na sasa hivi AFCON ya 2027 iko njiani na sisi Arusha tumepewa uwanja wa watu 30,000 kule Olmoti, nikaona nikiendelea kukaa kimya wageni watakuja wataondoka na sisi tutabaki tunahesabu tulichokosa. Ombi langu ni moja na nalitoa kwa Jiji la Arusha, Manispaa ya Moshi, TANAPA wenye hifadhi za taifa, Makumbusho ya Taifa, watu wa misitu TFS na viongozi wa vijiji vyenye maporomoko: kaeni meza moja mtutengenezee tiketi moja ya vivutio vya huku kwetu. Mtu anainunua mara moja, anatembelea nayo ndani ya wiki moja, bei yake iwe chini kuliko ukilipa mlango kwa mlango, na kiti cha gari, yani usafiri wa kwenda na kurudi, kiwemo ndani ya hiyo hiyo tiketi. Hapo kwenye kiti cha gari ndio nataka nipakomalie, maana kila nikisikia watu wanaongelea utalii wa ndani wanaishia kwenye kiingilio tu.

Mimi nina nyumba ndogo ya wageni huku Sakina. Wageni wangu sio wale wanaoshuka uwanja wa ndege wa KIA wakapokelewa na Landkruza wakapelekwa Serengeti moja kwa moja, hao wana kampuni zao. Wangu ni Watanzania wenzangu na majirani: walimu waliokuja semina, watu waliokuja mkutano AICC wakaamua wabaki wikiendi, Wakenya wanaoingia na Namanga, na familia kutoka Dar, Mwanza, Dodoma. Desemba ndio usiseme. Wachagga wanarudi nyumbani, barabara kuanzia Chalinze mpaka Himo inajaa, treni nayo tangu irudi Moshi mwaka 2019 na Arusha mwaka 2020 watu wanaigombania, na wengi wakishamaliza mambo ya ukoo kule Kibosho au Rombo wanataka siku mbili tatu za kuwatembeza watoto kabla ya kurudi mjini. Ni watu wana hela ya matumizi, wana muda, wana hamu. Wanafika pale mapokezi wananiuliza, mama, tunaenda wapi?

Sasa nieleze kinachotokea, maana nimekiona mara nyingi mpaka nakijua kwa moyo. Baba anachukua karatasi. Watoto wanataka twiga, mama anataka maporomoko, kijana mkubwa anataka chemchemi ya Chemka kwa sababu ameiona Instagramu. Baba anapiga simu ya kwanza kuulizia Noah ya kutwa, anaandika. Anapiga ya pili kuulizia gari la kuingia hifadhini, anaandika, anakaa kimya kidogo. Anaulizia kiingilio cha hifadhi kwa Mtanzania, anashangaa kumbe ni kidogo, yani kiingilio cha familia nzima hakifikii hata nusu ya hela ya gari. Halafu anaambiwa hifadhi ina kontroli namba yake ya kulipia, makumbusho ya kwao, msitu wa kwao, na kule kijijini ni keshi mkononi. Akijumlisha yote anakunja karatasi anaiweka mfukoni, jioni unawakuta wote wako sehemu ya nyama choma, watoto wanaangalia katuni kwenye simu, kesho yake wamepanda basi. Twiga wako mwendo wa saa moja tu kutoka walipolala.

Na wale wanaojikaza wakaenda, kuna maeneo wanakutana na kitu kingine. Familia moja ilinisimulia, na kijiji sikitaji: getini kuna kijana na kamba kashika hela ya kijiji, mita chache mbele hela ya maegesho, halafu mtu wa kuongoza njia ambaye ni lazima hata kama njia unaijua, na mkifika chini kwenye maji mwingine anasema hapa ni shamba la mzee fulani mnapita bila kulipa? Risiti moja ilikuwa ya kitabu, nyingine karatasi ya daftari, nyingine hakuna. Kiasi chenyewe hakikuwa kikubwa, ila yule baba aliniambia alijisikia anaibiwa mbele ya watoto wake, na mtu akishajisikia hivo harudi, na huko Dar anawasimulia wenzake.

Dawa ya haya yote ipo na wenzetu wanaitumia miaka mingi. Dada yangu ni nesi Chicago, na nilipomtembelea yeye ndio alinifundisha hii kitu ya tiketi moja. Inaitwa CityPASS, kampuni yao imeanza 1997. Unanunua kwenye simu, unapata kimraba cha kuskani, ndani yake una milango mitano, yani sehemu tano za kutembelea: miwili wamekupangia wenyewe, ambayo ni Shedd kwenye samaki na Skydeck juu ya lile ghorofa la Willis ghorofa ya 103, halafu mitatu unachagua mwenyewe kwenye orodha yao, kuna makumbusho ya Field, kuna Art Institute ya michoro, kuna ya sayansi, kuna boti za mtoni. Ukiskani mlango wa kwanza hesabu ya siku inaanza, unapewa siku tisa. Wao wanatangaza kwamba unaokoa karibu nusu ukilinganisha na kulipa mlango mmoja mmoja.

Kilichonifurahisha zaidi ya punguzo ni jinsi ile tiketi inavyomlazimisha mtu apange safari. Tulikaa mezani jikoni kwake na ramani. Shedd na Field ziko sehemu moja pembeni ya Ziwa Michigan, unatoka huku unaingia kule kwa miguu, hizo tukaziweka siku moja. Skydeck tukaiacha bila kuipangia siku mpaka tuone hali ya hewa, maana ukipanda kukiwa na ukungu unaona weupe mtupu. Na dada akanikumbusha kwamba kulipia sio kuweka nafasi, yani kuna milango unatakiwa uchague saa yako mapema hata kama tiketi unayo, ukifika bila nafasi unasubiri au unarudi. Mwisho tukajikuta kila siku ina kitu kimoja kikubwa asubuhi watu wakiwa na nguvu na kitu kimoja chepesi mchana, na jioni ni kupumzika. Sijaona mpango mzuri zaidi ya huo kwa mtu mwenye watoto.

Hizi tiketi ziko za aina mbili na inabidi tuelewane hapa kwa sababu tukichagua vibaya mpango utakufa. Kuna za idadi, kama hiyo ya Chicago, unapewa milango kadhaa na siku za kutosha. Halafu kuna za muda, unanunua siku moja au mbili au tatu na unaingia popote kadri miguu itakavyokupeleka. The London Pass ni ya siku namna hiyo, Paris wana Paris Museum Pass ya siku 2, 4 au 6 kwa makumbusho na majengo zaidi ya 50, Amsterdam wana I amsterdam City Card ya kuanzia masaa 24 mpaka 120. Za muda zinawafaa miji ambayo vitu vimebanana na treni inapita kila baada ya dakika chache. Mtu akiwa nayo anakimbia, anaingia hapa dakika arobaini, anatoka, anawahi pengine, kwa sababu saa inahesabu na yeye anataka hela yake irudi. Sisi huku ukimpa mtu tiketi ya masaa 48 halafu akakwama kwenye foleni ya malori pale Usa River, umemdhulumu. Kwetu iwe ya idadi. Milango mitano, siku saba, basi.

Nataka pia niwape tahadhari wale wasomaji wanaopanga kwenda nje, kwa sababu najua wapo na hizi tiketi zinauzwa kwa maneno matamu. Jumlisha kwanza milango unayoitaka wewe kweli, sio ile iliyopo kwenye orodha. London makumbusho makubwa kama British Museum na National Gallery kuingia ni bure, sasa kama hamu yako ni hizo unanunua tiketi ya nini? Amsterdam nyumba ya Anne Frank haimo kwenye kadi ya jiji, inauzwa tiketi yake peke yake na inaisha mapema. Paris makumbusho ya Louvre yanafungwa Jumanne, Orsay na Versailles zinafungwa Jumatatu, mtu akianzisha tiketi yake ya siku mbili Jumatatu asubuhi ameshapoteza kabla hajatoka hotelini. Roma ile Roma Pass haikuingizi makumbusho ya Vatikani kwa sababu Vatikani ni mambo yao wenyewe. Angalia siku za kufunga, angalia kisichokuwemo, angalia kama mabasi na treni zimo. Ile ya Amsterdam tramu na mabasi ya mjini yamo, na mimi naona hicho ndicho kitu chenye akili kuliko vyote walivyofanya. Hata Afrika hii hii Wamisri wana Luxor Pass ya siku tano kwa makaburi na mahekalu ya kule, kwa hiyo tusiambiane hii ni mambo ya Ulaya.

Turudi nyumbani. Tuna nini cha kuweka kwenye tiketi? Tuna vingi mpaka tutapata shida ya kuchagua.

Mjini Arusha mtu anaweza akatembea kwa miguu siku nzima akajifunza historia ya nchi hii. Anaanza pale Boma, jengo la Wajerumani la mwaka 1900, sasa ni Makumbusho ya Historia Asilia, ndani kuna habari za binadamu wa kale, nyayo za Laetoli zenye umri wa miaka milioni 3.6, fuvu la Zinjanthropus alilolipata Mary Leakey pale Olduvai mwaka 1959. Anashuka na barabara ya Boma mpaka Mnara wa Saa, anapiga picha, anaendelea mpaka Kaloleni kwenye mnara wa Mwenge, na hapo hapo ndio kuna Makumbusho ya Azimio la Arusha. Mhariri, lile jengo watu wanalipita na daladala kila siku hawageuki hata kichwa. Viongozi wa TANU walikaa pale Januari 1967 na tarehe 5 Februari Azimio likatangazwa, mabenki yakataifishwa, maisha ya wazazi wetu yakabadilika, tukubali au tukatae uzuri wake. Nimempeleka pale mjukuu wangu wa darasa la sita, alisimama mbele ya zile picha za watu waliotembea kwa miguu kutoka mikoani kuunga mkono Azimio, akaniuliza bibi hawa walikuwa hawana nauli? Nikamweleza. Sidhani kama kuna mwalimu angemweleza akaelewa kama alivyoelewa akiwa amesimama pale.

Na huu ni mji ambao makubaliano ya amani ya Rwanda yalisainiwa 1993, mahakama ya mauaji ya kimbari ikakaa hapa hapa mpaka ikafunga kazi 2015, mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ukasainiwa hapa 1999. Kijana wa Arusha akiulizwa na mgeni atamwambia kuhusu Serengeti ambayo iko mbali huko.

Siku ya pili ni Hifadhi ya Arusha, na hapa lazima watu waondoke alfajiri. Mlima Meru unajionyesha asubuhi, ikishafika saa nne saa tano mawingu yanauvaa. Hifadhi yenyewe ilitangazwa mwaka 1960, wakati ule ikiitwa Ngurdoto, ina maziwa ya Momella yenye flamingo, ina mbega weusi na weupe wanaruka juu ya miti mpaka watoto wanapiga kelele, twiga wengi, nyati, na unaruhusiwa kutembea kwa miguu ukiwa na askari mwenye bunduki, kitu ambacho hifadhi nyingi huwezi. Simba msitegemee, mwambieni mgeni mapema asije akanuna. Mkishuka mnapita Tengeru, kuna Ziwa Duluti ndani ya msitu wa TFS, unalizunguka kwa miguu kivulini au unapanda mtumbwi. Na hapo hapo Tengeru kuna kitu ambacho hata wenyeji wengi hawakijui, makaburi ya Wapolandi. Wakati wa vita ya pili ya dunia wakimbizi wa Polandi kama 5,000 waliletwa wakaishi hapa kuanzia 1942, wengi wao akina mama na watoto waliotokea Siberia, na waliofia hapa wamezikwa hapa. Nikiwapeleka wageni pale wanakaa kimya, halafu maswali hayaishi. Kama ni Jumamosi soko la Tengeru liko barabarani, ndizi za kila aina, na hilo halihitaji tiketi.

Siku ya tatu watu wanahama kuelekea Moshi, ni kama kilomita 80 tu. Njiani Boma Ng'ombe wanakata kwenda Chemka. Ushauri wangu Chemka iwekwe siku ya kazi, maana Jumapili na sikukuu imejaa mpaka maji yenyewe huyaoni, lakini Jumanne saa nne asubuhi unakuta yale maji ya bluu ya uvuguvugu yametulia, mizizi ya miti imeingia ndani, samaki wadogo wanakuchokonoa miguu, na watoto hawataki kutoka. Kipande cha vumbi kutoka lami mpaka pale ndio kinachoua magari ya watu, nani asiyejua. Basi dogo moja lililoinuka juu linalokwenda na kurudi lingemaliza hilo kabisa.

Moshi sasa ndio mtu achague, na tiketi imwache achague: Materuni kwenye maporomoko ya takribani mita 80 na kahawa ya kutwanga mwenyewe kwenye kinu, au Marangu kwenye Kinukamori na mapango ya Wachagga, au kwa mwenye pumzi apande kutoka geti la Marangu mpaka kambi ya Mandara, mita 2,720, arudi siku hiyo hiyo, aseme ameugusa Kilimanjaro. Mimi ningeongeza Old Moshi, pale aliponyongwa Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa pale, na Wajerumani mwaka 1900, kichwa chake kikapelekwa Ujerumani na mpaka leo ukoo unakitafuta. Watoto wa Kichagga waliozaliwa Dar, Sinza na Mbezi, wanakuja kila Desemba wanapita chini ya pale hawajui. Mnaona? Sio matembezi ya kupiga picha tu.

Kisichotakiwa kuwemo ni Serengeti, Ngorongoro na kupanda Kilimanjaro mpaka kileleni. Najua kuna mtu kwenye kikao atasema tuviweke ili tiketi ipendeze. Vikiingia tu bei inaruka, na familia ya Mwanza inarudi kwenye nyama choma. Hivyo vina biashara yake na vinajitosheleza.

Sasa gari. Kama nilivyosema, kwa Mtanzania mlangoni ni rahisi, gari ndio ghali, na ukimpunguzia mtu asilimia hamsini ya kitu cha elfu chache huku ukimwacha atafute Noah ya bei ya juu, hujamsaidia. Kosta tunazo tele. Wikiendi na siku za shule kufungwa Kosta nyingi za wanafunzi na za wafanyakazi zimelala. Zikodishwe kwa mkataba, njia tatu tu: ya Momella na Duluti, ya Chemka, ya Materuni na Marangu. Inaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi kutoka sehemu moja inayojulikana, inarudi saa kumi jioni, mwenye tiketi anaweka nafasi jana yake kwa simu ya kawaida, sio lazima awe na simu kubwa. Kiti kinaingizwa kwenye bei. Watu ishirini na tano wakigawana gari moja, kila mtu analipa kidogo, hesabu hiyo hata mtoto anaiweza. Na mtu aliyekuja na gari lake auziwe tiketi isiyo na kiti, bei ya chini.

Kuhusu hela, kwa sababu najua hapo ndipo vikao vinavunjikia. Huko kwa wenzetu muuza tiketi anakubaliana na kila mlango bei ya jumla, kila mgeni akiskani mlango unaandikiwa deni lake, unalipwa. Mlango ambao mgeni hakuufikia haulipwi, na hiyo hela inabaki kwa muuzaji, ndio moja ya sehemu wanazopata faida. Mimi naomba huku kwetu mambo mawili yawe tofauti. Kwanza vijiji vilipwe kila wiki kwenye simu, na karatasi ibandikwe ofisi ya kijiji kila mtu aone wageni wangapi wameingia na shilingi ngapi imeingia. Maana kijiji hakina mtaji wa kusubiri miezi miwili, ukichelewesha tu yule kijana atarudi na kamba yake getini, na hatakuwa na kosa. Pili hela ya milango isiyotumika isimezwe na mtu, iende kulipia wanafunzi wa shule za msingi za Arusha na Moshi waingie makumbusho na hifadhi. Kuna watoto Ngarenaro na Pasua wanamaliza darasa la saba hawajawahi kuingia hata mlango mmoja kati ya hii niliyoitaja.

Msimamizi wa tiketi awe mmoja. Nasisitiza, mmoja, mwenye namba ya simu inayopokelewa. Taasisi zote nilizozitaja ni za watu wazuri, lakini kila mmoja ana mfumo wake, na mgeni akikwama getini mtandao umekata kontroli namba haisomi, kila mmoja anamwambia sio sisi. Nimeshampokea mgeni aliyesubiri getini karibu asubuhi nzima kwa sababu hiyo, na watoto kwenye gari. Tiketi lazima iweze kusomwa hata mtandao ukiwa chini, namba iandikwe kwenye kitabu, uhakiki ufanyike baadae. Kwa wageni wa nje bei iwe nyingine kama ilivyo sasa hifadhini, kitambulisho ndio kitaamua.

AFCON itachezwa Juni na Julai, wakati Arusha kuna baridi na ukungu, na mashabiki kati ya mechi moja na nyingine wana siku kadhaa za bure. Watajaa mjini, wengi wao ni watu wa kawaida kutoka Nairobi, Kampala, Mwanza, hawana hela ya Serengeti, na wataniuliza mimi na wenzangu swali lile lile. Haiwezekani tukaanza kujipanga mwezi mmoja kabla. Tuanze Desemba hii na milango michache, hata minne: makumbusho mawili ya mjini, Duluti na Materuni, na Kosta mbili. Tuone wapi panavuja, turekebishe, Pasaka tuongeze Hifadhi ya Arusha na Chemka, masika yakishapita tuongeze Marangu. Hadi mashabiki wanafika madereva na vijiji wameshazoeana na mfumo.

Kwa upande wangu nitaziuza hizo tiketi pale mapokezi bila kuchukua kamisheni hata shilingi mpaka AFCON iishe, na najua wenzangu kadhaa wenye nyumba za wageni Sakina, Njiro na kule Moshi Shantytown wako tayari kufanya hivyo hivyo. Naomba wahusika watujibu kupitia gazeti hili: nani ataitisha hicho kikao, na lini?

Wako,
Mama mwenye nyumba ya wageni,
Sakina, Arusha